Donati za kastadi, kidole changu na masaa 12 mezani

Naanza na la aibu ili tumalizane nalo mapema. Mi natengeneza keki nyumbani, Buzuruga hapa Mwanza, na miaka kadhaa nyuma nilipata oda ya sendofu kule Igoma: keki ya tabaka tatu ya siagi, pamoja na donati 80 zenye kastadi ndani na krimu juu. Ijumaa usiku nikapika kastadi sufuria moja kubwa, nikafunika na mfuniko nikaiacha mezani ipoe maana friji ilikuwa imejaa keki, Jumamosi asubuhi saa 3 nikajaza donati, saa 6 mchana bajaji ikazipeleka ukumbini. Kadi ilisema saa 11 jioni lakini si mnazijua sherehe zetu, binti mwenyewe aliingia saa 2 usiku, chakula kikatoka saa 3, na donati muda wote huo ziko kwenye meza ya mbele zinang'aa chini ya taa, watu wanapita wanazipiga picha.

Saa 6 usiku watu wakaanza kutapika. Na sio ile ya kichefuchefu kidogo ukakaa chini ikapita, hapana, ni ya kukung'utwa, mtu anainama hana hata pa kushika, alafu tumbo linasokota, alafu choo. Kama watu ishirini na kitu hivi. Kesho yake jioni karibu wote walikuwa wameshasimama lakini maneno ndo kwanza yanaanza. Wa kwanza kulaumiwa alikuwa sato, kwamba hakuwa wa leo. Akafuata mpishi wa pilau. Wa tatu, na hili ndo lililoshika mpaka leo kuna watu hawasalimiani, ni shangazi mmoja wa upande wa pili ambaye hakuipenda ile ndoa toka mwanzo. "Wametiliwa kitu." Mimi sikutajwa popote. Donati zilisifiwa, hazikuwa na harufu, hazikuwa zimechacha, krimu imesimama vizuri. Na ni kweli zilikuwa hivyo, na ndo maana nikaona niandike, kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta chakula kilichooza au mtu mbaya, wakati kilichotuumiza hakikuwa kimeoza na aliyekileta alikuwa amekaa kimya jikoni kwake anaosha mabakuli.

Niligunduaje? Kwa njia ya kizembe tu, nilianza kuuliza nani alikula nini. Pilau walikula wote, wazima na wagonjwa. Sato alikatazwa meza ya watoto kwa ajili ya miiba, na watoto ndo walioumwa zaidi. MC hakugusa kitu kitamu, yuko fiti. Baba mmoja mwenye kisukari alikula kila kitu isipokuwa donati, fiti. Wasimamizi walioonja keki ya siagi peke yake, fiti. Ukiweka hayo kwenye karatasi mistari miwili, waliokula na wasiokula, huhitaji kuwa daktari. Wale watu wa afya wanaofuatilia milipuko wanaanza na hesabu hiyohiyo, maabara inakuja nyuma kuthibitisha.

Alafu nikakumbuka kidole. Alhamisi nilijikata kidole cha shahada nikikata nanasi, nikafunga plasta, Jumamosi asubuhi ile plasta ilikuwa imelowa nikaitoa nikaendelea na kazi, kidonda kina usaha kidogo pembeni, nikaona ni kitu gani bana.

Sasa tuongee. Kuna bakteria anaitwa stafilokokasi aureusi, hilo aureusi maana yake dhahabu kwa sababu ukimuotesha maabara anatoa vidoa vya rangi ya njano njano. Huyu sio mgeni. Karibu mtu 1 kati ya 4 anaishi naye puani muda wote bila kuumwa chochote, anakaa pia kwenye ngozi, kwenye jipu, kwenye chunusi, kwenye kidonda chenye usaha ndo anajaa kabisa. Akiwa kwenye pua yako hana shida na wewe. Shida ni akidondokea kwenye chakula anachokipenda, kukiwa na joto anapata muda wa kuzaliana, na wakati anazaliana anatoa sumu inayobaki humo humo kwenye chakula. Kwahiyo ukija kula hauli mdudu atakayekuja kukusumbua baadae, unakula sumu ambayo ilishatengenezwa kabla hujafika. Ndo maana watu wanatapika mapema, kati ya nusu saa mpaka masaa 6 au 8 hivi, na ndo maana inaonekana kabisa kama mtu ametilia kitu, kwa sababu kwa namna fulani kitu kimetiliwa kweli, ila aliyetilia haonekani kwa macho.

Hiki kitu kilithibitishwa kupitia keki, wala sio nyama. Mwaka 1930 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gail Dack, na wenzake, walichunguza keki za Krismasi zenye krimu katikati zilizowaangusha watu 11. Wakamtoa huyo bakteria wa njano, wakamuotesha kwenye supu ya maabara, wakaichuja ile supu mpaka wadudu wote wakabaki kwenye chujio, yaani imebaki maji tu, alafu wakawapa watu waliojitolea wanywe. Wakatapika. Hapo ndo ikawa wazi kwamba anayetapisha ni kile alichokiacha mdudu, hata mdudu mwenyewe akiwa hayupo.

Shika hapo kwenye hayupo, kwa sababu inakuja ile ambayo watu wananibishia kila siku: si ungezipasha tu? Hapana. Bakteria mwenyewe anakufa kirahisi, moto wa kawaida wa kupika unammaliza. Sumu yake haifi kwa sababu haikuwa hai, na inavumilia kuchemshwa nyuzi 100 kwa nusu saa nzima bado ipo. Hapa Mwanza tena tuko kama mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hata hiyo 100 hatuifikii kwenye sufuria ya wazi. Ukiipasha kastadi iliyolala unaua muuaji lakini umeacha sumu kwenye kikombe.

Mfano mzuri wa hili ni Japani mwaka 2000. Kiwanda kimoja cha maziwa umeme ulikatika kama masaa 3, maziwa yakakaa na joto ndani ya mitambo, stafilokokasi wakapata nafasi. Maziwa yakachemshwa na kukaushwa yakawa unga, wadudu wakafa, unga ukasafirishwa, miezi kadhaa baadae ukatumika kwenye kiwanda kingine kutengeneza maziwa ya kunywa. Wakaugua watu zaidi ya 13,000. Kukatika kwa umeme masaa 3, tena Japani. Mi nikisoma hivyo naangalia luku yangu na friji yangu nacheka kwa uchungu.

Na cha kidole kilishatokea hewani. Februari 1975 ndege ya abiria ya Japani ikitokea Tokyo kwenda Paris, ina abiria 344, baada ya kifungua kinywa wakaanza kutapika mmoja baada ya mwingine, wakaumwa abiria 196 na mhudumu mmoja, na ndege ina vyoo vingapi jamani. Chanzo kilikuwa nyama ya paja la nguruwe juu ya mayai, iliyoshikwa na mpishi mwenye vidonda kwenye vidole, ikakaa masaa jikoni bila ubaridi wa kutosha. Mpishi hakuwa na nia mbaya na mtu. Alikuwa na vidole viwili vitatu vinamuuma na kazi ya kumaliza, kama mimi.

Turudi kwenye kastadi, kwa nini yeye na sio mandazi. Mtu wa kanda ya ziwa anaelewa hili bila darasa. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, inakaa miezi kwenye gunia. Dagaa wakikauka vizuri kwenye mchanga au kwenye chanja wanasafiri mpaka mikoa mingine. Kayabo, samaki wa chumvi, anavuka mpaka anaenda Kongo. Kwa nini? Hakuna maji ya kutosha ya mdudu kutumia, jua limeyatoa au chumvi imeyashika. Sukari nayo inashika maji vilevile, ndo maana asali haiozi na jemu inavumilia. Donati tupu ganda lake limekaangwa, kavu, hata ikilala inakuwa ngumu tu haikuumizi. Kastadi sasa: maziwa, mayai, wanga, sukari kiasi, maji tele, haina uchachu wowote. Ni uji wa mtoto. Na mdudu ni mtoto wa nani?

Ila kuna kingine ambacho mimi kilinishangaza zaidi. Stafilokokasi kwa kawaida ni mnyonge. Kwenye chakula kibichi kuna bakteria wa kila aina wanagombania na yeye anashindwa, wenzake wanakula haraka na wanaleta uchachu unaomzuia. Sasa wewe ukipika kastadi umewafukuza wapangaji wote, nyumba safi, tupu, ina chakula na bado ina vuguvugu, alafu unaingiza mpangaji mmoja kwa kidole chako. Hana wa kugombana naye. Na wale waliofukuzwa ndo ambao wangekuonya, kwa sababu uchachu na harufu mbaya vinaletwa na wao. Yeye hachachishi, hanuki, habadilishi rangi. Kwahiyo ile tabia ya kuonja kwenye ncha ya kijiko ukasema bado nzima haikusaidii hata kidogo, tena kama umeonja kwa kidole ndo umemuongezea.

Muda nao. Mdudu huyu kwenye joto la mwili, nyuzi 37, anajigawa mara mbili kwa dakika 20 au 30 hivi. Ukumbini Igoma usiku tuseme nyuzi 26 au 27, anaenda taratibu zaidi, tumpe saa nzima kila akijigawa, kwa huruma. Kidole changu kimeacha wadudu 100 kwenye gramu moja ya kastadi saa 3 asubuhi. Saa 4 wako 200, saa 5 wako 400, unaona kama utani. Lakini akishajigawa mara kumi, yaani saa 1 jioni, ni 102,400. Wataalamu wanasema wakifika kwenye 100,000 kwa gramu ndo sumu inaanza kutosha kumuangusha mtu, na inayotakiwa ni kidogo mno, chini ya sehemu moja ya milioni ya gramu. Chakula kilitoka saa 3 usiku. Kama sendofu ingeanza saa 11 kama ilivyoandikwa wakala donati kwanza, kwa hesabu hii wangekuwa kama 25,000 na inawezekana kabisa tusingekuwa na habari ya kusimulia. Sisemi tuanze kuwahi, hilo limeshashindikana.

Ile kastadi kulala mezani usiku kucha nayo sijaisahau. Hapo yuko mwingine, basilasi sereusi, huyu anaishi kwenye udongo, anaingia kupitia wanga, unga na maziwa ya unga, na ana mbegu ngumu ambazo kupika kwenyewe kunaziamsha. Sufuria kubwa iliyofunikwa, katikati inabaki na joto mpaka alfajiri, mbegu zinaota, na yeye pia anaweza kuacha sumu ya kutapisha ndani ya masaa 1 mpaka 6 isiyoogopa moto. Ni yuleyule wa wali uliolala. Kwahiyo mimi nilifungua milango miwili kwa oda moja, hongera kwangu.

Salmonela wengi mnamjua kwa mayai. Huyo hatumii sumu iliyotangulia, anaingia mwenyewe tumboni, ndo maana anachelewa, masaa 6 mpaka siku 3, na anakuja na homa. Kastadi iliyopikwa mpaka ikachemka inammaliza. Anapatikana kwenye krimu za mayai mabichi, ile ute wa yai unaupiga na sukari unaupaka juu bila moto, hiyo mi nimeshaacha kabisa. Na kuna jambo la hapa kwetu: krimu ya unga ya boksi, ile ya mimea, lazima uipige na maji ya baridi sana ndo isimame, na wengi tunatia barafu. Barafu gani? Ya pakiti ya shilingi mia ya jirani, maji hayajachemshwa, mengine yamechotwa ziwani. Wadudu wengi hawafi kwa kugandishwa, wanalala tu. Chemsha maji, yapoze, yagandishe mwenyewe.

Watu wananiuliza krimu ipi ni salama. Ya siagi na sukari ya unga ndo mkombozi wetu mkubwa, mafuta mengi sukari nyingi maji kidogo, inavumilia ukumbi, ndo maana keki ya tabaka haikumuumiza mtu siku ile ingawa niliishika kwa mikono hiihii. Krimu ya mimea ikiwa boksi halijafunguliwa haina neno, ikishapigwa ichukulie kama maziwa. Krimu ya maziwa halisi na kastadi ni za friji, hazina mjadala, na nyingine za jibini laini nazo ziweke huko huko.

Friji yenyewe sasa, inatakiwa iwe chini ya nyuzi 5, na friji nyingi za nyumbani hazifiki hapo zikijazwa kama duka na mlango unafunguliwa kila dakika na watoto wanaotafuta maji ya baridi. Nilinunua kipimajoto kidogo nikakiweka katikati, kikasoma 11. Nilikaa chini. Umeme ukikatika usifungue mlango, friji iliyofungwa inashikilia ubaridi kama masaa 4. Shirika la Afya Duniani wanasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa 2, na kwenye kupoza kastadi mi namimina kwenye trei pana, kina chake hakizidi upana wa vidole viwili, naweka juu ya beseni la barafu nakoroga, ikiacha kufuka inaingia ndani. Inatakiwa ishuke kutoka 60 mpaka 21 ndani ya masaa mawili, alafu ifike 5 ndani ya masaa manne mengine. Sufuria kubwa yenye mfuniko haiwezi hilo hata iwe ndani ya friji, inapasha tu na vya wenzake.

Glavu nazo tusidanganyane. Nimemuona mtu kavaa glavu anajaza krimu, simu inaita anapokea, anahesabu chenji ya bodaboda, anajikuna pua, anarudi kwenye krimu, glavu zilezile. Mkono uliooshwa kwa sabuni ni bora mara kumi. Kidonda kikiwa na usaha usishike kitu kisichorudi motoni, mpe mtu mwingine ajaze we pokea simu. Kitu kinachoniuma ni kwamba huu mji unajua ubaridi vizuri sana. Nenda Mwaloni Kirumba uone, sangara analala kwenye barafu toka mtumbwini mpaka kiwandani, na mtu akikosea wote wanajua maana mwishoni mwa miaka ya 90 Ulaya walishawahi kusimamisha samaki wetu. Alafu donati ya maziwa na mayai inapanda bajaji saa 6 mchana, juani, imefungwa na utepe.

Kama imeshatokea, mtu anatapika: kazi kubwa ni maji. Pakiti ya ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, au lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazisha sio vya mlima, anywe kidogo kidogo hata kama anatapika. Usikimbilie metronidazo dukani, dawa za kuua bakteria haziui sumu, na ya stafilokokasi mara nyingi inaisha yenyewe ndani ya siku moja. Ila mtoto mdogo, mzee, mjamzito, mtu mwenye homa kali, choo chenye damu, asiyekojoa au aliyelegea, huyo hospitali moja kwa moja, na kama mnaweza bakizeni kipande cha chakula kwenye friji kwa ajili ya maabara, msikitupe kwa hasira. Zangu ziliisha zote, hakuna aliyepima kitu, nilichonacho mimi ni ile karatasi ya mistari miwili na kovu la kidole.

Nilikwenda kwa yule shangazi. Ilinichukua miezi. Akanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Mwanangu, sasa hao nitawaambia nini, kwamba mchawi ni donati?" Akacheka, mi sikucheka.

Wiki iliyopita kanipigia mama mmoja anataka krimu donati 50 za ubarikio kule Nansio, Ukerewe, zipande meli ya mchana. Nikamuuliza mtakula saa ngapi. Akasema kesho yake baada ya ibada. Nikauliza kuna friji huko? "We dada unauza donati au unahoji mahari?" Tumekubaliana keki ya siagi.